Usiondoe Kabla Hujaona

Mjukuu wangu, hebu weka hiyo simu mezani kidogo unisikilize. Sina ugomvi na simu. Simu ni kitu cha dukani. Ikivunjika leo, Mungu akijaalia, mwezi ujao utanunua nyingine. Ninachokihofia ni vile vilivyomo ndani yake, ambavyo haviuzwi duka lolote.

Nyinyi watoto wa siku hizi mna haraka mno ya kubadilisha akaunti. Gmail imejaa, unaiondoa unaweka mpya. Laini ya mtandao mwingine ina vifurushi nafuu, ya zamani unaichomoa na kuitupa uani. Umenunua simu nyingine, ile ya kwanza unampa mdogo wako, unabonyeza pa kufuta vyote, kwisha kazi. Baada ya siku mbili unakuja kwangu macho mekundu: babu, namba za watu hazipo. Picha za harusi ya dada hazipo. Grupu la mchezo silioni.

Nakusihi, mwanangu: usiondoe kabla hujaona. Usiiondoe akaunti ya zamani kabla hujaona kwa macho yako kwamba vitu vyako vimefika kwenye mpya. Usiridhike kwa kuambiwa na fundi. Usidhani. Ona.

Neno hili nitalirudia leo mpaka likukere, na ukikereka nitafurahi, maana aliyekereka hasahau.

Ngamiani hii ya Tanga naijua barabara kwa barabara, kwa namba zake. Nimewaona mafundi wa simu wakiongezeka mwaka hadi mwaka: meza ndogo, taa, brashi, boksi la vioo vilivyopasuka. Ukikaa nao benchini utasikia mengi. Kazi inayowatoa jasho si ya simu iliyotumbukia majini kutoka kwenye ngalawa. Ni ya simu nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo, imeletwa na mtu anayelia.

Kuna binti mmoja wa Makorora, sitamtaja jina. Simu yake ilianza kuganda, akaambiwa dawa yake ni kuifuta yote ianze upya. Akakubali. Ilipowaka ikauliza lugha, ikauliza intaneti, ikafika pa kuuliza akaunti. Fundi akasema, Gmail yako ipi? Akajibu, sijui, nilifunguliwa dukani siku niliponunua.

Wakafungua mpya pale pale. WhatsApp ikashushwa, ikaomba namba, tarakimu sita zikaja kwa meseji, akaziandika. Ikaanza kutafuta nakala za zamani. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Hakuna nakala iliyopatikana.

Hakulia papo hapo. Aliingia kwenye orodha ya mazungumzo, akaikuta tupu, akaivuta chini kwa kidole, akaivuta tena, na tena. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na ndani ya simu ile mlikuwa na sauti zake. Mwanangu umekula? Ukipita sokoni nichukulie nazi mbili. Usichelewe kurudi. Maneno ya kila siku tu, yale ambayo mtu hayaoni kuwa mali mpaka msemaji wake awe amezikwa.

Na uchungu wenyewe ni huu: sauti zile hazikupotea siku ile. Zilikuwa zimenakiliwa katika Gmail ile ya zamani, salama kabisa, zikisubiri mtu aje na neno la siri. Neno la siri alilitunga kijana wa duka, na namba ya kuokolea akaunti akaandika yake mwenyewe ili amalize upesi ahudumie mteja mwingine. Kijana alishaacha kazi. Na hata angepatikana asingelikumbuka, kwa akaunti zote alizowafungulia watu.

Mwanangu, jiulize sasa hivi, kabla sijaendelea. Akaunti iliyomo kwenye simu yako nani aliifungua? Neno lake la siri unalijua kwa moyo? Namba ya kuokolea ni ya nani? Kama hata jibu moja hulijui, basi simu unayo mkononi lakini mali iliyomo si yako bado.

Wengi mnaitumia akaunti bila kujua ni kitu gani, kwa hiyo nitakueleza kwa mfano wa nyumba zetu hizi za Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kwa wote. Simu ndiyo nyumba. Akaunti ni chumba ulichopanga. Vitu vingine umevitia chumbani na kufunga kwa ufunguo. Vingine umeviacha ukumbini. Siku ya kuhama, mwenye akili huzunguka kwanza, aone kipi kiko wapi, ndipo aite mkokoteni. Anayehama usiku huacha sufuria.

Mnahama usiku, wajukuu zangu. Ndiyo maana masufuria yenu yamejaa kwa watu.

Chukua namba za watu. Jina moja laweza kukaa mahali patatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Ukifungua orodha unayaona yote pamoja, ukadhani yanakaa pamoja. Hayakai pamoja. Ya kwenye laini yataondoka na laini, na laini haibebi mengi, kwa kawaida majina 250 hivi. Ya kwenye simu yatafutika siku simu itakapofutwa. Ya kwenye akaunti yatatoweka machoni pako dakika ile unapoiondoa, ila kule Google bado yapo, na yatarudi ukiingia tena. Asiyejua tofauti hii hulia yamefutika kumbe yapo, na siku nyingine husema yapo kumbe yamekwenda kabisa.

Fungua jina la shangazi yako, bonyeza pa kuhariri, utaona limehifadhiwa wapi. Likiwa kwenye laini au kwenye simu, lihamishie kwenye akaunti unayokwenda nayo. Programu ya majina ina mahali pa kutoa orodha nzima kuwa faili moja, jina lake huishia na vcf. Litoe faili hilo, ujitumie, uliingize kwenye akaunti mpya. Kisha hesabu. Kama kule yalikuwa 412, na huku yawe 412. Yakipungua hata matatu, usiguse kitu, rudi uyatafute, maana yale matatu ndiyo yatakayokuwa ya mtu anayekudai au unayemdai.

Na ukifuta jina kwenye Google kwa bahati mbaya, una siku 30 za kulirudisha kutoka kwenye pipa lake. Zikipita, hakuna wa kukusaidia. Kidole hakina toba, mjukuu wangu.

Sasa picha. Hapa ndipo wengi wanapoangamia, na wanaangamia kwa kitufe kilichowekwa ili kuwasaidia. Programu ya picha ya Google ina mahali pa kupunguza mzigo wa simu. Ukibonyeza, inafuta ndani ya simu picha zote zilizokwisha kunakiliwa kwenye akaunti. Nafasi inapatikana, unafurahi. Tena unaendelea kuziona zile picha ukifungua programu, kwa hiyo moyo wako umetulia, unaamini ziko mkononi. Kumbe unazoziona ziko kule chumbani tu. Ukumbini hazipo tena. Siku unapoiondoa ile akaunti na neno la siri hulijui, umezifungia nje mwenyewe.

Tena ukiifuta picha ndani ya programu hiyo wakati kunakili kumewashwa, imefutika pande zote mbili, huku na kule. Itakaa kwenye pipa siku 60, basi.

Kwa hiyo kabla hujaiondoa akaunti yenye picha, zima intaneti kwanza. Fungua picha ya zamani kabisa, uone kama inakuja safi au inabaki ukungu. Ikibaki ukungu, haiko kwenye simu. Ishushe. Shusha zote. Zikiwa nyingi, omba kompyuta ya mtu unayemwamini, Google ina huduma yake iitwayo Takeout inayokukusanyia kila kitu chako kwa pamoja. Itachukua saa, pengine siku nzima, na kifurushi kikubwa. Lipa hicho kifurushi. Umelipa pesa nyingi zaidi kumtazama mtu asiyekujua akicheza TikTok.

Nakusihi tena: usiondoe kabla hujaona.

Najua utaniambia, babu, nafasi imejaa, nifanyeje? Ni kweli. Google huipa kila akaunti GB 15 za bure, na humo humo hukaa barua, picha, mafaili, na siku hizi hata nakala za WhatsApp za simu za Android. Zamani picha za ubora wa kawaida zilikuwa hazihesabiwi, hilo lilikwisha tarehe 1 Juni 2021. Wenye iPhone ndio wamebanwa zaidi, bure yao ni GB 5. Zikijaa, kunakili kunasimama. Tangazo huja, unalifuta bila kulisoma, miezi inapita, unadhani unanakiliwa kumbe nakala yako ya mwisho ni ya Ramadhani iliyopita.

Lakini kujaa si sababu ya kuondoa. Simu yako inapokea akaunti mbili, tatu, zaidi ya hapo. Ongeza mpya, ya zamani iache palepale. Hakuna aliyekulazimisha kumtoa wa kwanza ndipo aingie wa pili. Waache wakae pamoja wiki mbili, mwezi. Utakumbuka kitu usiku umelala, utaamka, utakikuta. Ukiona mwezi mzima umepita hujarudi kule hata mara moja kutafuta kitu, ndipo uanze kufikiri kuiondoa. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote niliyokuja kukwambia, na mnalipuuza kwa sababu ni jepesi.

Upande wa WhatsApp ndio wenye mafundo. Yenyewe hukujua kwa namba yako ya simu, lakini nakala zake, kwenye Android, hukaa ndani ya Gmail. Ndiyo kusema mnahitaji vyote viwili siku ya kurudisha: namba ile ile na Gmail ile ile. Ukibadilisha Gmail kwenye simu hiyo hiyo, mazungumzo hayataondoka, yatabaki, nawe utajiona salama. Lakini nakala zitaendelea kwenda kwa akaunti ya zamani, au zitakwama. Ingia kwenye setingi za WhatsApp, upande wa mazungumzo, uende kwenye bakapu, uichague akaunti mpya kwa mkono wako, uinakili hapo hapo, usubiri mpaka uone tarehe ya leo na saa. Usiondoke kabla hujaiona tarehe.

Kama umepata simu mpya na ya zamani bado inawaka, usiitegemee nakala peke yake. WhatsApp ina njia ya kuhamisha mazungumzo kutoka simu hadi simu, mbili zikiwa zimelazwa pamoja mezani, moja inasoma msimbo wa nyingine. Fanya hivyo wakati betri ziko na chaji. Ya zamani usiifute siku hiyo.

Na wewe uliyeambiwa uweke neno la siri kwenye nakala za WhatsApp ili asisome mtu: umefanya vyema, lakini umeliandika wapi? Tangu 2021 nakala hizo zaweza kufungwa kwa neno la siri au kwa msimbo wa tarakimu 64. Ukilipoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Liandike kwenye daftari. Daftari liweke panapowekwa hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa.

Wafanyabiashara wangu, nyinyi mnaovuka Horohoro kwenda Lungalunga na Mombasa kila wiki, nyinyi nawaonea huruma zaidi. Mna laini ya huku na laini ya kule, na WhatsApp mnaihamisha kila mkivuka, leo namba ya Tanzania, kesho ya Kenya. Siku moja mtu amekosea, ameisajili upya badala ya kuhama, ametolewa kwenye magrupu, na orodha ya waliochukua vitenge kwa mkopo ilikuwa humo. Nimemwona mama akizunguka mtaani na daftari tupu akiwauliza wateja: samahani, wewe ulibakiza ngapi? Waliosema kweli ni wachache.

Mama, hakuna haja ya hayo yote. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ya Android inakubali akaunti mbili ndani ya simu moja ya laini mbili. Weka zote, badili kwa kugusa tu, hakuna kinachofutwa. Na kama umeamua kuiacha namba moja moja kwa moja, ndani ya setingi kuna mahali pa kubadili namba. Pitia huko. Utaandika ya zamani, utaandika mpya, na mazungumzo pamoja na magrupu yatakufuata. Ifanye kazi hiyo wakati namba ya zamani bado imo kwenye WhatsApp hiyo na laini mpya inapokea meseji.

Nikitaja laini moyo wangu unashtuka, kwa sababu hapo pesa imeingia.

Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na mwisho namba yake hupewa mteja mwingine. Fikiri: Gmail yako, namba ya kuokolea ni ile uliyoitupa uani. Facebook yako, vivyo hivyo. Siku unasahau neno la siri, msimbo unatumwa kwa mtu wa Tabora au Mtwara asiyekujua, naye hana hatia, amenunua laini yake dukani. Au ana hatia. Kwa hiyo kabla hujaiacha laini, kaa chini, pitia kila akaunti uliyonayo, ubadilishe namba ya kuokolea. Benki pia. Bima pia. Akaunti ya chuo au ya kazini nayo usiitegemee kwa vitu vyako vya nyumbani, siku ukimaliza au ukiondolewa wataifunga, na ni haki yao.

Mnakumbuka mwaka ule wa alama za vidole? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka laini zote zisajiliwe kwa kitambulisho cha NIDA, siku zikaongezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, watu wakapanga foleni ya kutisha. Wengine wakasajiliwa kwa kitambulisho cha binamu au cha mwenye duka, ili mradi waendelee kupiga simu. Mpaka leo hawajarekebisha. Mjukuu wangu, laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine ni yake siku atakapoitaka. Simu ikiibiwa, hutaweza kuirudisha laini bila yeye, na bila laini WhatsApp hairudi, Gmail uliyosahau neno lake la siri hairudi, pesa iliyomo hairudi. Piga *106# leo, uone ni namba zipi ziko chini ya kitambulisho chako, na yako wewe iko chini ya nani.

Kama unachokitafuta ni mtandao mwingine tu, kwani lazima uitupe namba? Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ile ile. Toa kwanza pesa iliyomo kwenye pochi ya mtandao unaouacha, kwa kuwa hiyo haihami nawe.

Na matapeli wanajua siku za kuhama. Siku hizo ndizo misimbo inapokuja kwa wingi kwenye simu, na mtu amechoka, amechanganyikiwa, anapigiwa na sauti ya upole: tuko makao makuu, tusomee hizo tarakimu sita tukumalizie. Usimsomee. Hata akijua jina la babu yako, usimsomee. Tarakimu sita zile ndizo mlango wenyewe. Kata simu, namba yake itume kwenda 15040. Na ile WhatsApp yako iwekee namba ya siri ya pili ambayo haiji kwa meseji, iko kwenye setingi, upande wa akaunti.

Tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizizima simu feki nchi nzima. Zilizimwa mtandao tu. Zenyewe ziliendelea kuwaka, namba na picha zikiwa zimo vilevile. Nikawaona watu wakizitupa jalalani, wengine wakiwapa watoto wazichezee, kesho yake wanazunguka kuomba namba za ndugu zao wenyewe. Nusu saa ya kukaa na ile simu iliyokufa nusu ingeokoa kila kitu. Haraka ile iliniuma, na naiona bado mpo nayo.

Juu ya simu zilizokwisha kutumika, yaani used, nitasema kidogo tu. Unaponunua, usitoe pesa mpaka umeiona imeingia mpaka mwisho kwa akaunti yako. Android ikifutwa kwa njia za mafundi bila kuondolewa akaunti ya mwenyewe, itadai Gmail ya mwenyewe ikiwaka. iPhone nazo hudai akaunti ya mwenyewe tangu 2013. Unapouza au kumpa mdogo wako, ondoa akaunti yako kwanza, ndipo ufute, kwa mpango huo huo, na vyote hivyo baada ya kuona. Fundi anayefuta bila kukuuliza Gmail yako ipi na neno la siri lipi, ichukue simu yako mkononi mwake uondoke. Fundi asiyeuliza ndiye wa kuogopwa.

Labda mnasema, mzee huyu anababaika kwa vimeseji tu. Basi niwaambie jambo la hapa kwetu.

Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, kusini ya mji huu, alikuwa karani wa serikali, akihamishwa huku na huku. Kila alipokuwa alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge. Barua za ndugu kwa ndugu: afya, kazi, watoto, dhiki, vitabu anavyoandika. Zilianza 1931 zikafika 1958. Yusuf hakuzitupa. Alizitunza, miaka na miaka, na mwaka 2002 zikachapishwa kitabu na TUKI kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo tunamjua Shaaban Robert alivyokuwa nyumbani kwake, alivyokuwa na shida, alivyovumilia, kwa sababu ndugu mmoja hakufuta.

Barua zenu nyinyi ziko wapi? Ziko kwenye WhatsApp. Mapenzi yenu, ugomvi wenu na suluhu yake, baba akielezea mipaka ya shamba la Muheza, bibi akitaja majina ya waliozaliwa na walipozaliwa. Hakuna aliyeandika pengine. Sijui ni Shaaban Robert wangapi wamekwishafutwa katika Tanga hii kwa sababu simu ilikuwa nzito.

Chukua yale mazungumzo matatu au manne ambayo ukiyapoteza hutapata usingizi. WhatsApp inaruhusu kuyatoa moja moja kuwa faili, pamoja na sauti na picha zake. Yatoe. Weka moja kwenye flashi, moja mtumie ndugu yako wa Chumbageni au wa Dar es Salaam. Mwenye nakala halii mara mbili.

Neno langu la mwisho ni la simu za wazee wenu na za marehemu.

Nyinyi ndio mnaotufungulia akaunti. Mnatufungulia kwa haraka, mkiwa mmesimama, kwa namba zenu na maneno ya siri yenu, kisha mnarudi Arusha, mnarudi Muscat, mnatuacha na mlango usio na ufunguo. Mkae chini. Mfungulie mama akaunti kwa jina lake, kwa laini yake, mwandikie neno la siri kwa herufi kubwa kwenye daftari lake. Mfanye aliandike yeye mwenyewe mara moja mbele yako. Google ina mahali pa kumtaja mtu unayemwamini apewe vitu vyako akaunti ikikaa kimya kwa miezi mtakayochagua. Pajazeni pamoja, muulizeni anamtaka nani. Atafurahi kuulizwa.

Na mtu akifariki, jamani, nawasihi kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nimeona tanga halijaisha, matandiko bado ya msiba, na simu ya marehemu imeshafutwa kapewa kijana anayeingia sekondari. Laini imechomolewa, imepotea kwenye zulia. Wiki ya pili ndugu wanaanza kuulizana: marehemu alikuwa anamdai nani? Ile picha ya baba aliyokuwa nayo peke yake iko wapi? Nani ana sauti yake?

Msiifute simu ya marehemu kabla ya arobaini. Iwekeni chaji. Laini iacheni ndani, itiwe salio kidogo isije ikafungwa. WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumika yaweza kufutwa, na Google hufuta akaunti zilizolala miaka miwili, kwa hiyo mnao muda, ila si wa milele. Mteueni mmoja katika watoto, mwenye moyo mtulivu, akae nayo, atoe picha, atoe sauti, atoe majina, awagawie nduguze wote sawa. Akimaliza, wenzake wawili waone kwamba vimefika kwao na vinafunguka.

Kama kijana anahitaji simu ya shule, mtafutieni nyingine siku hizo arobaini. Zikipungua pesa, njooni kwangu.